Mlima, Msitu na Mto ni Jamaa Moja

Asubuhi mbingu zinapokuwa safi, watu wa Karatina huuona Mlima Kenya, ambao Wakikuyu huuita Kirinyaga, ukiwa na weupe kileleni. Wengi husema kwamba barafu ile ndiyo mama wa mito yote ya Nyeri. Wataalamu wa elimu ya dunia wamelichunguza jambo hilo, na jibu lao lamfaa kila mkulima.

Yapata miaka milioni 3 iliyopita, mlima huu ulikuwa volkano. Moto ulipozimika, mvua na barafu viliula mlima kidogo kidogo. Kilele kilichosalia, Batian, kina urefu wa mita 5,199. Mawe na majivu yaliyotapakaa yaligeuka kuwa udongo mwekundu, ambao leo huotesha chai, kahawa na viazi.

Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huchukua mvuke. Zikifika mlimani hulazimika kupanda, na hewa ipandayo hupoa, kadiri ya digrii 6 kwa kila mita 1,000. Hewa baridi haiwezi kuchukua mvuke mwingi. Basi mvuke huo huwa mawingu, kisha mvua.

Na barafu je? Mwishoni mwa karne ya 19, wakati Halford Mackinder alipofika Batian mwaka 1899, zilihesabiwa barafu 18 mlimani. Nyingi zimekwisha. Ile iitwayo Lewis ilichorewa ramani mwaka 1934, na vipimo vilivyofuata vimeonyesha ikizidi kupungua, kwa kuwa hewa ya dunia inaongezeka joto. Lakini maji ya barafu ni sehemu ndogo tu ya maji ya mito. Mito hulishwa hasa na mvua iliyohifadhiwa na msitu.

Kazi ya msitu yaweza kuonekana kwa jaribio rahisi. Twaa masanduku mawili ya udongo, moja lenye majani yaliyoota na jingine tupu, uyainamishe kidogo, kisha uyanyunyizie maji sawasawa. Katika lile tupu maji hukimbia upesi, nayo ni mekundu kwa udongo. Katika lile lenye majani maji hutoka polepole, tena safi, kwa sababu mengi yamezama kwanza. Ndivyo msitu ufanyavyo: hupokea mvua ya siku moja na kuitoa chemchemini kwa miezi mingi, hata wakati wa kiangazi.

Mto Ragati hushuka kutoka msitu huo, hupita karibu na Karatina na kuingia Sagana, nao Sagana huwa Tana. Maji hayo hujaza bwawa la Masinga, lililomalizika mwaka 1981, huzungusha mitambo ya umeme, na mwisho huingia baharini karibu na Kipini. Udongo uchukuliwao na mvua kutoka shamba lisilo na matuta hutua bwawani na kupunguza nafasi ya maji. Hivyo hasara ni mbili: mkulima hukosa rutuba, na watu wa mbali hukosa maji na umeme.

Mkulima mmoja hawezi kuirudisha barafu ya kilele. Lakini aweza kuchimba matuta, kupanda majani ya ng'ombe kingoni mwake, kuacha ukingo wa mto bila kulimwa, na kutunza miti ya chemchemini. Ayafanyaye hayo huhifadhi shamba lake mwenyewe, na pia maji ya jirani aliye bondeni.