Alikuwa Anakimbia, Akasimama



Juzi hapa Singida niliangalia filamu ya zamani isiyo na rangi, Four Faces West ya mwaka 1948. Joel McCrea ni Ross McEwen, aliyechukua dola 2,000 benki kwa bastola. Pat Garrett anamsaka. Njiani McEwen anakuta familia imelala hoi kwa dondakoo. Angepita tu, angewahi mpakani. Lakini anabaki kuwauguza, tena anawasha moto wa kuomba msaada, akijua utamleta Garrett. Mwishoni anajisalimisha mwenyewe.

Ilinichoma. Jumuiya yetu ina bibi mgonjwa. Sijaenda kumwona, maana nilitumia elfu ishirini ya michango na naogopa kukutana na mwenyekiti pale kwake. Nilijiambia, nitubu kwanza, ndipo nihudumie. Kumbe kilikuwa kisingizio tu: sikutubu wala sikuhudumia.

Soma Luka 10:25-37. Dhambi yako si kibali cha kumpita mgonjwa. Ukisimama kwa ajili yake, huenda hapohapo ukakutana na deni lako.

Kesho naenda. Mwenyekiti akiwepo, nitamwambia.

Na wewe, unampita nani kwa sababu ya aibu?