ELIMU YA AFYA: Mwanga Unaoimarisha Konea

Mwanafunzi anayebadilishiwa miwani kila mwaka na bado haoni ubaoni hastahili kuambiwa tena kwamba atazoea. Huenda konea yake, yaani utando angavu ulio mbele ya jicho, inakonda na kuchongoka kama ncha ya pia ya kuchezea. Ugonjwa huo, keratokonasi, mara nyingi huanza katika umri wa kubalehe, na kufikicha macho yenye mzio huuchochea.

Tiba ya kuuzuia ilibuniwa mjini Dresden, Ujerumani, na matokeo yake kwa wagonjwa yakachapishwa mwaka 2003. Jicho hutiwa ganzi, ngozi laini ya juu ya konea huondolewa, kisha hudondoshewa riboflavini, yaani vitamini B2, kwa takriban dakika 30. Hufuata dakika 30 za kumulikwa kwa mionzi ya urujuanimno, na nyuzi za konea hushikamana zikawa imara zaidi. Mionzi hiyo imo pia katika jua la ufukweni Masoko, lakini kulitazama jua si tiba, huunguza jicho.

Tiba haiondoi haja ya miwani. Huzuia uoni usizidi kuporomoka. Kwa utaratibu huo wa awali, konea iliyokonda chini ya milimita 0.4 haimulikwi, na aliyechelewa huweza kubakiwa na njia ya kupandikizwa konea tu. Mzazi aanzie zahanati ya kijiji, aombe rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya, Kinyonga, na ikibidi Hospitali ya Sokoine, Lindi, hadi mtoto apimwe umbo la konea.