Somo la Kuingiliana kwa Mataifa, na Mfano Wake Katika Mji wa Babati

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, ijulikane ya kwamba wako watu wa pwani ambao wakenda bara hudhani wamefika kwa watu wasio na tarikhi, na ya kuwa kila jambo jema lililoko huko limepandishwa kutoka pwani. Dhana hiyo ni kosa, na kosa lake hudhihiri kwa mfano wa mji mmoja, nao ni Babati.

Mji huu uko kando ya ziwa la jina lake, karibu na mlima Kwaraa, katika barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Arusha. Tangu mwaka 2002 ndio makao makuu ya mkoa wa Manyara. Wenyeji wa nchi ile ni Wagorowa, na pamoja nao wako Wairaqw, Wabarbaig, Wambugwe na Warangi. Wanazuoni wa lugha wamebainisha ya kuwa Kigorowa na Kiiraqw ni lugha za Kikushi, jamaa ya mbali ya Kisomali. Lugha ya Wabarbaig ni ya Kiniloti, kama Kimasai. Na Kirangi na Kimbugwe ni za Kibantu, ndugu za Kiswahili. Tena upande wa Kondoa wako Wasandawe, ambao maneno yao yana sauti za kupiga kidoko. Ni nadra katika Afrika kuona asili nne za lugha zimekaribiana hivi. Na Kirangi kimeazima maneno kwa Wakushi. Basi watu hawa walikuwa wakipeana na kupokeana kabla ya msafara wowote wa pwani.

Ama misafara, katika karne ya 19 ilitoka Pangani ikapanda hata Irangi kutafuta pembe, nayo ilichukua shanga, masango na merikani. Merikani, kama jina lisemavyo, ni nguo iliyofumwa Marekani, katika viwanda vya Massachusetts. Na Sayyid Said alifanya mkataba na Wamarekani mwaka 1833. Pembe nazo ziliposhuka Unguja, nyingi zilipelekwa Connecticut, zikafanywa vitana na vibao vya vinanda. Basi mwindaji wa bara na mfumaji wa Marekani walifungwa kwa kamba moja, wala hawakujuana. Pwani ilikuwa mlango wa mali ile, si chimbuko lake.

Lakini mwenye insafu haandiki faida akaacha khasara. Misafara ya zama zile ilichukua na wanaadamu pia, wakauzwa kama bidhaa, hata soko la watumwa la Unguja likafungwa mwaka 1873.

Ushahidi mwengine ni ulimi. Muuzaji wa sokoni hupima mahindi, huyaweka mezani, akaandika hesabu kwa kalamu. Mahindi asili yake ni bara la Amerika, ingawa jina lake lataja Hindi. Meza ni neno la Wareno. Kalamu limetoka kwa Waarabu, nao waliliazima kwa Wayunani. Basi hata mkopeshaji naye alikuwa mkopaji. Na neno ustaarabu, asili yake ni kujifanya Mwarabu. Watu wa kale wa pwani walisema uungwana; ustaarabu ulishika nguvu katika karne ya 19, chini ya dola ya Unguja, na watu wa bara wakapewa jina la washenzi. Aliyeshika mizani alijipimia mwenyewe.

Ndipo yapasa kusoma vitabu kwa uangalifu. Hamed bin Muhammed, ajulikanaye kwa Tippu Tip, aliacha khabari za maisha yake, nazo ni khabari za bara kwa jicho la mwenye msafara. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2021, alitunga mwaka 1994 hadithi ya kijana Yusuf, aliyewekwa rehani kwa deni la babake, akachukuliwa bara na msafara wa tajiri Aziz. Ida Hadjivayanis ameifasiri kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi, mwaka 2022. Humo mfalme wa bara, Chatu, ana hoja yake: amedhulumiwa na wafanyi biashara waliotangulia.

Basi msomaji wa tarikhi na aulize mambo matatu. La kwanza, ni nani asimuliaye? La pili, ni nani aliyenyamazishwa? La tatu, faida ilimwendea nani, na gharama ililipwa na nani?

Aya ya 13 ya Suratul-Hujurat imeeleza hekima ya kuwako mataifa na makabila, nayo ni kujuana. Na utukufu ukawekwa katika ucha Mungu, si katika nasaba wala bandari. Mtu wa pwani afikaye Babati akamwita mwenyeji mshenzi, ameiacha hekima hiyo. Na aulizaye jina la mlima, la ziwa na la kabila la jirani yake, huyo ameanza kusoma.

Wabillahi taufiki.