Jinsi Serkaria wa Kichocho Anavyoogelea

Katika Mchinga na pwani yote ya Lindi, bahari na maji baridi hukaribiana, lakini hatari zake hazifanani. Kichocho hakiambukizwi katika maji ya bahari. Huambukizwa katika mabwawa, vijito na mashamba ya mpunga, wanamoishi konokono wa maji baridi. Kutoka kwa konokono hao hutoka serkaria, yaani kimelea mchanga asiyezidi milimita 1, ambaye huogelea na kupenya ngozi ya binadamu.

Kwa kiumbe mdogo kiasi hicho, maji ni mazito mithili ya asali. Mkia mgumu unaopigwa huku na huku ungemrudisha palepale alipokuwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wakiongozwa na Manu Prakash, walilichunguza fumbo hilo kwa serkaria hai wa kichocho cha tumbo, hesabu za kompyuta na roboti. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionesha kwamba panda za mkia hukingama na kufanya umbo la herufi T, na kwamba maungio yake hunyumbuka. Katika kompyuta, maungio yakilegezwa mno au yakikazwa mno, mwendo hudhoofika. Unyumbufu wa serkaria halisi unakaribia kiwango bora. Serkaria wa kichocho cha mkojo, ambacho ndicho cha pwani ya Tanzania, naye ana mkia wenye panda.

Ubanifu huo wa nguvu una sababu: serkaria hali chakula. Hutumia akiba aliyotoka nayo kwa konokono, na ikiisha hufa. Kwa hiyo maji ya kuogea yaliyohifadhiwa siku 2 kamili bila konokono ndani yake hayana tena hatari ya kichocho. Ya kunywa yachemshwe. Lakini anayeingia bwawani hana muda huo, kwani kupenya ngozi huchukua dakika chache tu.

Mhudumu wa afya amuulize mgonjwa maji anayotumia hutoka wapi. Damu katika mkojo wa mvulana si dalili ya kubalehe. Vidonda na kutokwa damu ukeni huweza kuwa kichocho cha uzazi, wala si ushahidi wa mwenendo mbaya. Prazikwanteli huua minyoo waliokomaa, ila haimkingi mtu anayerudi katika maji yaleyale.