Nani Aulizwe Nia Yake?

Mwanamume akichukua fomu ya udiwani katika mji mdogo, watu huuliza kama atashinda. Mwanamke akichukua fomu hiyo hiyo, watu huuliza anatafuta nini. Na wengine hawamwulizi yeye, humwuliza mumewe. Swali la nia si baya. Ubaya wake ni kuulizwa upande mmoja.

Kwanza tujue diwani ni mtu gani. Kwa Sheria Na. 7 na Na. 8 za mwaka 1982, zilizorudisha serikali za mitaa katika Tanzania baada ya kuondolewa miaka ya 1970, diwani ndiye mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata yake. Barazani hupitisha bajeti na sheria ndogo pamoja na wenzake: ushuru wa soko, mahali pa kutupa taka, zahanati ya kujengwa kwanza. Hulipwa posho. Kwa elimu, yampasa kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Mlango, basi, ni mpana.

Waingiao kwa mlango huo wana nia zilizochanganyika. Yuko apendaye kuketi meza ya mbele arusini. Yuko mfanya biashara ajuaye kwamba zabuni na viwanja hupita mezani pa halmashauri. Yuko aliyechoka kuona daraja limevunjika masika mbili mfululizo. Wanaume wamo katika mafungu yote haya, na wanawake vile vile. Wala hatukubaliani na wale wasemao kwamba mwanamke kwa maumbile yake hana tamaa. Sifa hiyo ni mzigo mzito: siku diwani mwanamke mmoja akila fedha za watu, wanawake wote wa wilaya huhukumiwa pamoja naye.

Hata hivyo tofauti ipo, nayo yatokana na kazi za kila siku. Tutazame India. Badiliko la 73 la Katiba yao, la mwaka 1992, liliwatengea wanawake theluthi moja ya viti vya mabaraza ya vijiji, na ya uenyekiti pia. Kwa kuwa vijiji vya kutengewa mwenyekiti mwanamke havikuchaguliwa kwa kupenda kwa mtu, wataalamu Raghabendra Chattopadhyay na Esther Duflo waliweza kuvilinganisha na vingine, wakatoa matokeo mwaka 2004. Katika Rajasthan, ambako wanawake walilalamikia maji na wanaume barabara, viongozi wanawake walitumia zaidi kwa maji na kupunguza ya barabara. Katika West Bengal wanawake walilalamikia maji na barabara pia. Huko viongozi wanawake waliongeza yote mawili. Msomaji aone vema jambo hili. Hawakupeleka barazani mapenzi ya kike ya visima; walipeleka malalamiko yaliyokuwa hayana mpelekaji.

Kweli, huko huko India wako waume walioendesha ofisi kwa jina la wake zao. Lakini mwaka 2009 utafiti mwingine wa West Bengal ulionyesha kwamba vijiji vilivyopata kuongozwa na mwanamke kwa vipindi viwili vilichagua wanawake wengi zaidi hata kwa viti visivyotengwa.

Kwetu, viti maalum vya udiwani havipungui theluthi, navyo hugawanywa kwa vyama. Twaviona vimefaa. Lakini vyaweza kupotosha nia. Aliyeingia kwa orodha ya chama hakupigiwa kura na kata yoyote. Shukrani yake ya kwanza ni kwa walioandika orodha, na miaka mitano ikikaribia kwisha, hao ndio awatazamao. Hatumlaumu yeye. Mwanamume naye angewekwa hapo angefanya vivyo hivyo.

Na kwa kura za wazi hali ni ngumu bado. Katika Kenya, yenye wadi 1,450, wanawake waliochaguliwa na wananchi kuwa wawakilishi wa wadi walikuwa 96 mwaka 2017, na 115 mwaka 2022. Sababu zajulikana: fedha za kampeni, mikutano ya usiku, matusi juu ya ndoa yake. Iko na nyingine isiyotajwa sana. Huko Marekani, Jennifer Lawless na Richard Fox waliwahoji wanawake na wanaume wa taaluma zile zile. Wakaona kwamba wanawake walijiona hawafai kuliko wanaume wenye sifa sawa nao, na ni wachache zaidi waliopata kuambiwa na mtu, "Gombea." Yaani nia huwa haijazaliwa kwa kukosa wa kuiamsha.

Yafaa basi wapiga kura wa kata wawaulize wagombea wote, wa kike na wa kiume, maneno yale yale. Una biashara gani na halmashauri? Mkutano wa mtaa au kijiji ulihudhuria lini mara ya mwisho, nawe ulisema nini? Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo sheria yaagiza ikopeshwe wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, utaifuatiliaje? Asiyeweza kujibu hayo, habari za mumewe au mkewe hazitatusaidia.