Jina la Nchi Juu ya Makala: ya Kufanya na ya Kutofanya

Haya ni kwa wanaoandika kamusi elezo ya Kiswahili, hasa ninyi vijana wa Arusha.

FANYA: Tenganisha eneo na dola, kwa mfano Sahara Magharibi. Tarehe 22 Septemba 2022, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapa hapa Arusha, ilitoa hukumu ya kesi ya Mghana Bernard Mornah dhidi ya nchi nane, Tanzania ikiwemo. Alidai zilishindwa kuwatetea Wasahrawi, watu wa eneo hilo, Moroko iliporejea Umoja wa Afrika mwaka 2017. Mahakama haikuzitia hatiani, lakini ilisema wazi kwamba Moroko kuendelea kuikalia ardhi ile kunapingana na haki ya Wasahrawi kujiamulia mambo yao. Basi andika makala mbili. "Sahara Magharibi" ni eneo: jangwa, fosfeti, pwani na watu wake. Jamhuri ya Wasahrawi ni dola iliyotangazwa mwaka 1976, na Tanzania iliitambua mwaka 1978.

USIFANYE: Usiliite eneo hilo "Mikoa ya Kusini", hiyo ni lugha ya serikali ya Moroko. Wala usiandike "Sahara Inayokaliwa" juu ya makala, hata kama moyo wako uko huko, na wangu uko huko. Ukaliaji ueleze aya ya kwanza, utaje nani kasema na lini.

USIFANYE: Usirudishe jina la leo nyuma. Kirilo Japhet alipofika Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kudai ardhi ya Wameru waliofukuzwa Engare Nanyuki, alitoka Tanganyika, nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa chini ya Uingereza. Udhamini huo ndio uliompa mlango wa kuingilia. Ukiandika "Tanzania" umemnyang'anya msomaji sababu ya safari yenyewe. Jina Tanzania lilianza Oktoba 1964. Tangu Aprili ilikuwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar.

USIFANYE: Zanzibar si mkoa. Katiba yake, baada ya marekebisho ya 2010, inasema ni nchi mojawapo kati ya mbili zinazounda Muungano. Usiipunguze, usiitenge.

FANYA: Nchi ikijibadilisha jina bila mgogoro, kama Eswatini mwaka 2018, badilisha kichwa cha makala, na jina la zamani lielekeze kwenye jipya.

USIFANYE: Usihamishe kichwa kinachobishaniwa peke yako usiku. Weka hoja kwenye ukurasa wa majadiliano, ungoje wenzako wajibu.