SOMO LA KIKUNDI: MBOGA TUNAYONUNUA NA MBOGA TUNAYOPANDA

Ndugu wanakikundi, somo letu safari hii ni juu ya mboga. Mtu asiseme eti hilo ni somo la akina mama peke yao. Kwani anayekula ni nani? Akina baba nao wakae wasikilize. Mmoja asome kwa sauti, na mkifika penye swali simameni kidogo mjibizane kabla ya kuendelea.

Tuanze na mfuko. Kila mmoja ahesabu pesa alizotumia kununua mboga wiki iliyopita, kisha mweka hazina ajumlishe za kikundi kizima. Andikeni hiyo namba, hata kama ni chini kwenye mchanga. Halafu jiulizeni: kati ya hizo, ni shilingi ngapi zilibaki hapa Garsen, na ni ngapi zilipanda lori zikaondoka? Kabichi haipendi joto letu, inatoka bara. Nyanya na sukuma nyingi nazo huja na gari. Gari lisipokuja, hakuna. Tuliona Novemba 2023, wakati mvua za El Niño zilipoleta maji yakakata barabara ya Witu na Lamu pale Lango la Simba, na mafuriko yakarudi tena 2024. Nasi tunakaa kando ya mto mrefu kuliko yote Kenya!

Mboga ya asili ni ipi?

Siku hizi watu wanasema "kilimo hai". Maana yake ni kulima bila mbolea ya dukani na bila dawa za viwandani. Udongo unalishwa kwa samadi na majani yaliyooza, na mazao yanabadilishwa zamu shambani ili wadudu wasizoee. Hapa Kenya kuna chuo kiitwacho KIOF kilichoanza mwaka 1986 kufundisha kilimo hiki. Mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana masharti ya pamoja na alama moja, Kilimohai, inayowekwa kwenye bidhaa iliyokaguliwa. Lakini tuseme ukweli: ni nani kati yenu amewahi kuona alama hiyo juu ya fungu la mchicha?

Tena jambo lenyewe si geni kwetu. Wazee wa Kipokomo walilima kwa kuyafuata maji. Mto ulifurika, ukaacha tope, maji yakirudi nyuma watu wakapanda mahindi, mpunga, kunde na maboga. Mbolea ilikuwa ni mto wenyewe. Tangu yajengwe mabwawa ya juu, kama Masinga lililokamilika mwaka 1981, mto hauji tena kwa mpango ule wa zamani, na tope nyingi hubaki hukohuko bwawani. Ndiyo sababu anayelima leo "kama babu" bila kuurudishia udongo chochote anapata mazao hafifu, halafu analaumu mbegu.

Ukienda kununua

Macho hayatoshi. Mboga inayong'aa bila doa inaweza kuwa ilipigwa dawa jana. Mboga yenye matundu nayo si ushahidi kwamba ni safi. Pengine dawa ilipigwa baada ya wadudu kushiba. Kuosha ni lazima, kunatoa vumbi, vijidudu na sehemu ya dawa iliyo juu ya jani. Lakini ziko dawa zinazoingia ndani ya mmea, na hizo hazitoki kwa maji.

Kwa hiyo uliza. Mama mboga, hii imetoka kwa nani? Ilipigwa dawa lini? Kila chupa ya dawa ina karatasi inayosema ni siku ngapi mkulima angoje kati ya kunyunyizia na kuvuna. Pia ina mstari wa rangi: nyekundu ni sumu kali zaidi, inafuata manjano, kisha buluu, na kijani ndiyo yenye nafuu. Mwenye kuvuna kabla ya siku hizo kwisha anatuuzia sumu, hata kama ni jirani yetu na anatusalimia vizuri. Na wapo wanaojaribiwa kuchukua dawa ya kupe, ile ya mifugo, wakanyunyizia mboga. Hiyo haikutengenezwa kwa chakula. Kikundi kiseme wazi: kwetu marufuku. Chupa iliyokwisha nayo isitumike kuwekea maji wala mafuta ya kula. Itobolewe.

Kuna njia moja rahisi. Kikundi kinaweza kupatana na mkulima mmoja au wawili wa karibu: sisi tutanunua kwako kila wiki, nawe utaturuhusu tuje kutembelea shamba lako wakati wowote. Hata kwenye kilimo hai rasmi uko mpango wa namna hii, wakulima wa kikundi kimoja wanakaguana wenyewe kwa wenyewe. Kwa kijiji, naona kutembelea shamba kunafaa kuliko alama yoyote.

Kupanda nyumbani

Usianze na kabichi. Anza na vile vinavyolipenda joto: mchicha, kunde kwa ajili ya majani, mlenda, matembele, bamia. Mchicha unaanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne. Ukikata juu ukaacha shina, unachipua tena. Na mti mmoja wa mlonge (wengine husema mzunze) kando ya nyumba utawapa majani hata kiangazi.

Umbo la kitanda lifuate majira. Wakati wa ukame chimba kitanda kiwe chini kidogo kuliko ardhi, maji yasikimbie, kisha funika udongo kwa nyasi kavu. Wakati wa masika au vuli, kwa wanaokaa mabondeni, hamieni kwenye gunia: jaza udongo uliochanganywa na samadi, katikati weka nguzo ya mawe madogo ya kupitishia maji, toboa matundu ubavuni upande miche. Gunia maji yakija linabebwa.

Maji ya kusuuzia vyombo yanafaa, yale yenye povu jingi yasitumike. Wenzetu wa upande wa Ozi na Kipini wajihadhari na maji ya chumvi, kwa maana mto ukipungua bahari inapanda juu. Mkiona weupe juu ya udongo na ncha za majani zinakauka, badilisheni maji.

Samadi ndiyo kiini. Mkulima ana mabua, mfugaji ana samadi. Hatujasahau mambo ya 2012 na 2013 hapa Tana Delta, na sisemi kwamba mkokoteni wa samadi utayafuta. Lakini kikundi cha wakulima kinachonunua samadi kwenye boma la Mwoorma kwa bei waliyopatana kimepata sababu ya kuamkiana kila mwezi.

Samadi mbichi isimwagwe kwenye mboga. Inachoma mimea na inaleta minyoo na kuhara. Panga tabaka: mabua, majani mabichi, samadi, majivu kidogo, udongo. Nyunyiza maji, funika. Chomeka fimbo katikati. Ukiichomoa baada ya siku chache ikiwa na moto, kazi inaendelea. Geuza baada ya wiki tatu, na mpaka miezi mitatu iwe imeiva.

Angalieni mathenge! Mbuzi wakila makaka yake mbegu hutoka nzima kwenye mavi, na samadi inakuletea mathenge bustanini. Ng'oeni ingali michanga, vidole viwili vyatosha. Matawi yaliyokomaa yakatwe yawe ua wa miiba. Hapo angalau yatalipa deni.

Wadudu wakija, twanga kilo moja ya majani mabichi ya mwarobaini, loweka usiku kucha katika lita tano za maji, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyiza jioni kwa sababu jua huiondoa nguvu. Rudia kila wiki. Haiui papo hapo kama ya dukani, msikate tamaa siku ya pili.

Maswali ya kujadiliana

Ile namba mliyoandika mwanzoni, ni mboga gani tatu zinazokula pesa nyingi zaidi, na ipi kati yake inaweza kuota hapa? Ni nani mwenye mbegu ya mchicha au kunde ya kugawia wenzake leo, kabla hatujatawanyika? Boma lililo karibu ni la nani, na ni wawili gani watakwenda kuulizia samadi kabla ya mkutano ujao?